Ukoo Wetu Ulipokutana Tanga Bila Msiba

Alhamisi: Mbezi hadi Ngamiani

Kwa muda mrefu ukoo wetu umekuwa ukikutana misibani peke yake. Habari huja usiku kwa simu, nauli huazimwa, watu hupanda basi la alfajiri, na jioni yake mnakumbatiana na binamu mlioonana mara ya mwisho kwenye arobaini ya mtu mwingine. Baba Mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa wanaume waliobaki katika nyumba ya babu, alichoka na hali hiyo. Baada ya Idi alitutumia ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp la ukoo, akasema kwamba Desemba, shule zikishafungwa, anataka kutuona sote Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, tukiwa hatuna wa kumzika. Wapo waliompigia simu kwa siri kumuuliza kama anaumwa.

Tumeondoka asubuhi katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, mimi, dada yangu mkubwa na watoto. Njia tunaifahamu: Kibaha, Mlandizi, Chalinze, kisha kaskazini kupitia daraja jipya la Wami, lililotuondolea ile adha ya daraja jembamba la zamani ambapo magari yalipita kwa zamu. Joto la kaskazi lilikuwa limekwisha kuingia, na watoto walilala mpaka Mkata.

Dada yangu na mimi tulizungumza habari za michango karibu njia nzima. Aliyepewa kazi ya kutunza fedha alikuwa na desturi ya kubandika orodha kwenye kundi kila mwisho wa juma: jina, ahadi, kilicholipwa. Alifanya hivyo kwa nia njema, ili pasiwe na fedha ya kuulizana. Lakini mbele ya jina la binamu yetu mmoja, fundi seremala ambaye kazi zimempungua, sifuri ilikaa miezi mitatu mbele ya macho ya watu zaidi ya sitini, wakiwemo wakwe zake. Akajitoa kwenye kundi. Dada yangu alipomtafuta alimjibu, "Dada, nitakuja kula vya watu kwa uso gani?" Nasema wazi kwamba hapa tuliumizana bila sababu. Hesabu za mchango zinaweza kuonwa na wazee wawili watatu, na wengine wakatangaziwa jumla tu. Mwenye nacho hapungukiwi kitu jina lake lisiposomwa, na asiyenacho anabaki kuwa ndugu.

Segera ni njia panda. Magari ya Moshi na Arusha hunyoosha, sisi tukakunja kulia kuelekea Hale na Muheza. Hapo ndipo mkonge unapoanza kuonekana, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Zao hili lililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwa miongo mingi mashamba yake yalivuta vibarua kutoka mbali, wale walioitwa manamba. Marehemu mke wa Baba Mkubwa alikuwa binti wa mkata mkonge aliyetoka Kigoma akiwa kijana na asirudi tena kwao. Kwa hiyo ukoo tunaouita wa Wadigo una damu ya Waha ndani yake, na pia ya Wabondei kwa upande wa mama yangu. Niliwaeleza watoto hayo tulipopita Muheza, wakasikiliza mpaka wachuuzi wa machungwa waliposogea madirishani.

Tulifika alasiri. Bibi alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba barazani, tangu asubuhi, tulivyoambiwa. Macho yake yamefifia, kwa hiyo humtambua mtu kwa mikono: humshika mashavu, hupitisha vidole gumba chini ya macho, kisha huuliza, "We wa nani?" Mwanangu mdogo alimtaja baba yake. Bibi akatikisa kichwa. "Huyo simjui. Nitajie aliyemzaa mama yako." Mtoto akamtaja baba yangu, na hapo ndipo alipopakatwa.

Ijumaa: wanakuja wa Vanga

Nusu ya ukoo wetu iko Kenya, na haikuhamia huko. Mkataba wa mwaka 1886 kati ya Waingereza na Wajerumani ulichora mpaka kuanzia mlango wa mto Umba, ukawakata Wadigo katikati, wengine upande wa Mkinga na Tanga, wengine upande wa Vanga na Kwale. Dada yake babu aliolewa Vanga enzi ambazo kwenda kumwona kaka yake kulikuwa kama kwenda mtaa wa pili. Wajukuu zake leo wanagongewa mihuri Horohoro, mpakani.

Walifika baada ya swala ya Ijumaa katika matatu mbili walizokodi, wakiwa na magunia ya maembe na ndoo za achari. Anayewaongoza ni binti wa yule dada yake babu, ambaye mimi humwita Shangazi wa Vanga, mwanamke mrefu, mtaratibu wa maneno, anayefunga leso yake kwa namna ileile aliyokuwa akifunga marehemu baba yangu kikoi. Nilipomwona akishuka garini akishikilia mlango kwa mkono wa kushoto, nilihisi kwamba baba amerudi. Hayo huwezi kuyaona kwenye picha za simu.

Kutoka Uingereza alikuja binamu yetu na watoto watatu wanaoelewa Kiswahili kidogo na kukizungumza kwa shida. Siku ya kwanza walikaa pamoja kwenye ngazi, kila mmoja na simu yake, na baadhi ya wazee walianza kunong'ona kwamba hawakufunzwa adabu. Nadhani wazee walikosea. Mtoto asiyejua neno la kusema hunyamaza, na kunyamaza kwake huonekana kiburi. Shangazi yetu wa hapa Ngamiani alilitatua jambo hilo kwa vitendo: alimpa yule mkubwa wa kike mbuzi ya kukunia na nazi mbili, akaketi mkabala naye, akamwonyesha namna ya kukaza mapaja na kuzungusha kifuu ili asikwangue mpaka kwenye gome. Nazi ya kwanza ilikuwa na weusi mwingi. Ya tano ilikuwa nyeupe, na msichana alikuwa amekwisha kujua kusema "tui la kwanza" na "tui la pili", na alikuwa anacheka na watoto wa Vanga ambao majina yao hakuyajua asubuhi.

Malazi yalikuwa mtihani. Nyumba ina vyumba sita na ua. Wanawake na watoto walilala ndani kwenye magodoro yaliyopangwa ukuta hadi ukuta, wanaume wakatandika mikeka uani na kufunga vyandarua kwenye kamba za nguo. Kulikuwa na choo kimoja na foleni yake tangu saa kumi usiku. Shemeji mmoja, mgeni katika ukoo, alikasirika kwamba mkewe amewekwa chumba kimoja na wifi ambaye hawasemezani. Akahamia nyumba ya wageni, na mke akabaki. Asubuhi mawifi hao walionekana wakichambua mchele kwenye ungo mmoja, bila kuzungumza sana, lakini kwenye ungo mmoja.

Usiku wa manane mlango ulibishwa. Alikuwa yule binamu yetu fundi seremala, begani ana mfuko wa msumeno na randa. Shangazi wa Ngamiani alikuwa amemtumia nauli, akamwambia kwamba mabenchi ya uani yamelegea na hakuna mwingine wa kuyatengeneza kabla ya kikao. Hakumtajia mchango wala orodha.

Jumamosi: pilau, bada na kikao

Moto uliwashwa kabla ya adhana ya alfajiri. Masufuria makubwa ya pilau yaliwekwa kwenye mafiga uani, na pembeni Mama Mkubwa mmoja alisonga bada, ugali wa unga wa muhogo, kwa ajili ya Bibi na wazee wenzake, kwa sababu kwao karamu isiyo na bada na mboga ya mchunga si ya nyumbani. Jikoni ndipo nilipojifunza mengi kuliko mahali popote. Wanawake wa Vanga na wa Tanga walirudi kwenye Kidigo, ambacho mimi nakifuata kwa shida, na katika kukaanga vitunguu walikumbushana nani alimnyonyesha nani, nani alikimbilia kwa nani alipoachwa, nani alilelewa nyumba ipi mpaka akaolewa. Binamu yangu mdogo aliandika yote kwenye daftari. Mpaka pilau inapaliwa makaa, alikuwa amejaza kurasa kumi na moja za vizazi vitano.

Baada ya adhuhuri tuliketi kwenye yale mabenchi, sasa yamekaza. Ajenda ilikuwa shamba la minazi la babu upande wa Mkinga.

Nieleze kwanza kwa nini shamba hilo ni gumu. Kwa desturi ya zamani ya Wadigo, mali ya mwanamume ilirithiwa na watoto wa dada yake, na mjomba ndiye aliyekuwa mzazi mwenye mali. Uislamu uliingia na mgawo mwingine, ambamo watoto wa marehemu ndio wenye mafungu, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike, na mjane hupata thumuni, yaani moja ya nane. Juu ya hayo ipo sheria ya nchi na Mahakama ya Mwanzo inayomteua msimamizi wa mirathi. Babu alifariki na hakuna aliyefungua mirathi, kwa hiyo kila upande umekaa miaka yote ukiamini utaratibu unaoupa haki. Watoto wa Vanga walikua wakiambiwa kwamba shamba la mjomba ni lao. Sisi tulikua tukiambiwa ni letu. Tukikutana misibani tuligawana chumvi na hatukuligusa neno hilo, maana mbele ya jeneza mtu huuma ulimi.

Safari hii hapakuwa na jeneza. Binamu mmoja wa Dar es Salaam alisema bei ya ardhi imepanda, tuuze, kila mtu achukue chake, na Wakenya hawana haki hapa. Alilisema hivyo hivyo, "Wakenya", mbele ya Shangazi wa Vanga, aliyemtahirisha kwa gharama zake mwenyewe alipokuwa mdogo. Kijana wa Vanga akasimama. Kwa dakika chache niliamini kwamba Baba Mdogo ametukusanya ili tuvunjike.

Baba Mdogo hakupandisha sauti. Alimwambia binamu yetu, "Mwanangu, keti. Umemwita shangazi yako kwa jina la pasipoti." Kisha akamwomba Bibi ruhusa, akaleta msahafu wa babu na kutoa ndani yake karatasi mbili zilizokunjwa, zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Katika watu wote waliokuwa uani, ni yeye na shehe aliyealikwa tu walioweza kuzisoma. Alizisoma polepole, akifuata mstari kwa kijiti cha ubua, vijana wakirekodi.

Karatasi ya kwanza ilisema kwamba babu aliweka rehani minazi arobaini kwa mwenye duka. Katika pwani hii mnazi ulihesabiwa mali peke yake, mbali na ardhi uliposimama, hivyo mtu aliweza kuweka rehani miti na ardhi ikabaki yake. Mwenye kushika rehani hukwea na kula nazi mpaka deni lilipwe. Karatasi ya pili ilisema kwamba minazi hiyo ilikombolewa kwa fedha kamili, na mkombozi ni dada yake.

Shangazi wa Vanga alikuwa hajawahi kuziona karatasi hizo. Alisema, "Mama aliuza vipuli vyake. Sisi tulimjua hana vipuli, hatukujua vilikwenda wapi."

Shehe alipoombwa kusema alifafanua kwa utaratibu. Dada wa marehemu hana fungu palipo na mtoto wa kiume, na hilo ndilo lililokuwa likiwaumiza wa Vanga. Lakini kabla ya fungu lolote kugawanywa, marehemu huzikwa kwa mali yake, kisha madeni yake hulipwa, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wanapoingia. Ikiwa dada alimlipia kaka yake na hakumsamehe, hilo ni deni, nalo linatangulia haki za watoto wote. Mwalimu mmoja mstaafu katika ukoo akaongeza kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo hata tukitaka kuwakatia ndugu zetu kipande, hati haitatoka kwa majina yao. Wanachoweza kupewa ni haki ya fedha na mazao.

Mabishano yaliendelea mpaka magharibi. Yule aliyetaka kuuza hakubadili mawazo, na sioni kwamba ana makosa kutaka, kwa sababu ana watoto wanne shuleni. Kilichobadilika ni kwamba alimwomba radhi Shangazi wa Vanga mbele ya watu, naye akamjibu, "Nimekusamehe zamani, kabla hujasema." Kilichoafikiwa kiliandikwa kwenye muhtasari: shamba halitauzwa kabla ya mirathi kufunguliwa, Baba Mdogo apendekezwe kuwa msimamizi, thumuni ya Bibi itengwe akiwa hai aione, na deni la dada yake babu lihesabiwe kama mazao ya minazi arobaini, yapelekwe Vanga kila msimu wa kuangua mpaka wote waridhike kwamba limekwisha. Watu wazima walitia sahihi, na Bibi akaweka dole gumba.

Pilau ililiwa saa tatu usiku ikiwa imepoa. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili: makaburini, Mkinga

Tulisoma hitima asubuhi, kisha tukaenda kijijini. Makaburi ya kwetu yako chini ya mikorosho, mengine yana mawe ya matumbawe na mengine hayana alama yoyote, na Bibi, aliyebebwa kwenye kiti, aliyataja moja moja kwa kuuliza amesimamishwa wapi kutoka kwenye kisima. Vijana walichomeka vijiti na kuandika majina. Kaburi la dada yake babu liko Vanga, kwa hiyo Fatiha yake ilisomwa hapo tukielekea kibla, na Shangazi wa Vanga akalia kwa sauti.

Minazi tuliihesabu. Katika arobaini ya rehani iliyobaki imesimama ni kumi na saba, mirefu mno na yenye nazi chache. Kijana wa Vanga, yule aliyesimama jana kwa hasira, ndiye aliyependekeza kwamba ipandwe miche mipya kwenye mashimo ya ile iliyokufa, na nusu ya miche ailete yeye.

Wakati wa kurudi tuliwapitisha watoto Mapango ya Amboni, kilomita chache kabla ya mji. Mwongozaji aliwasha tochi kwenye kuta za chokaa, popo wakaruka, na wale watoto wa Uingereza walipiga kelele kwa Kiswahili.

Jumatatu: kurudi

Shangazi wa Ngamiani alisimama barazani akitutania kwa maneno ya watu wa hapa, "Tanga, waja leo waondoka leo," huku akifunga mikate ya ufuta kwa kila familia. Matatu za Vanga zilitangulia. Mawifi wawili waliagana kwa mikono. Seremala amebaki, kwa sababu majirani wawili waliyaona mabenchi na wamempa kazi ya milango.

Mimi nimekabidhiwa daftari la vizazi na muhtasari wa kikao, nivichape na kumtumia kila mkuu wa nyumba nakala. Baba Mdogo anaanza na cheti cha kifo cha babu, ambacho hakikuwahi kuombwa. Atakwenda ofisi za RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, juma hili akiwa na mashahidi wawili waliomzika, kisha Mahakama ya Mwanzo. Orodha ya michango imeondolewa kwenye kundi, na hesabu sasa zitasomwa na wazee watatu, mmoja wao kutoka Vanga. Mkutano ujao utafanyika kwa Shangazi wa Vanga mwakani, shule zikifungwa, na wanaohitaji hati za kusafiria wameambiwa waanze kuzishughulikia mapema, hasa Bibi, ambaye amesema atakwenda hata kwa kubebwa.